Maoni: Ordinateri moja, watu kumi, neno la siri moja. Tunamlinda nani?

Katika biro nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Bunia ao Kalemie, ordinateri si kitu cha mtu mmoja. Sekretari anaitumia asubuhi, mhasibu anaikalia mchana, mkubwa wa biro anaingia jioni kutazama ripoti, na siku ya Jumamosi kijana wa familia anakuja kuandika kazi yake ya masomo. Wote wanaingia kwa konti moja. Neno la siri ni moja, mara nyingi ni jina la shirika pamoja na mwaka, na limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya ekrani ili mtu asisumbuke.

Wengi wanaona jambo hilo kuwa dogo. Mimi naona si dogo. Ndani ya mashine hizo kuna majina ya wagonjwa, orodha za wakimbizi wa ndani wanaosubiri msaada, madeni ya wanachama wa koperativa, majina ya wanawake waliotendewa ubaya wakakubali kusema, namba za simu za mashahidi. Katika eneo letu, orodha ya majina ikianguka katika mikono mibaya inaweza kumfanya mtu aache nyumba yake usiku na watoto mgongoni. Kwa hiyo neno la siri la ordinateri ya biro ni sehemu ya usalama wa raia, sawa na taa ya barabarani ao doria ya usiku.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Lilianza Marekani zaidi ya miaka 60 iliyopita, mahali penye wanasayansi wakubwa, na historia yake inafaa ijulikane na kila mtu anayesimamia mashine inayotumiwa na wengi.

Orodha iliyochapishwa mbele ya wote

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ordinateri moja ilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa mamilioni ya dola. Hakuna aliyeweza kumpa kila mwanafunzi ya kwake. Katika chuo cha MIT, karibu na mji wa Boston, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ambao ulionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa 11 mwaka wa 1961. Mashine iligawanya wakati wake: sehemu ndogo ya sekunde kwa huyu, sehemu ndogo kwa yule, kisha inarudi kwa wa kwanza. Karibu watu 30 waliweza kufanya kazi pamoja, na kila mmoja akaona kama mashine ni yake peke yake.

Watu wengi wakitumia mashine moja, ni lazima kila mmoja awe na sanduku lake na ufunguo wake. Ndiyo sababu CTSS ilikuwa kati ya mifumo ya kwanza kuomba neno la siri. Lakini maneno yote ya siri yaliwekwa katika faili moja, yakiwa yameandikwa wazi kama vile wewe unavyoandika majina katika daftari. Walioijenga waliamini kwamba hakuna mtu atakayeifikia.

Mtu aliifikia upesi. Mwaka wa 1962, mwanafunzi Allan Scherr alikuwa na ruhusa ya kutumia mashine saa 4 tu kwa juma, na kazi yake ya utafiti ilidai zaidi. Aligundua kwamba mtu anaweza kupeleka karatasi ngumu yenye matundu, iliyotaja jina la faili, na mashine inachapisha faili hiyo. Akaomba faili ya maneno ya siri siku ya Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi akaenda kuchukua karatasi zake mahali pa kawaida. Kisha akafanya kazi kwa saa za wengine. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia habari hiyo. Hakuvunja mlango wowote. Aliomba, mashine ikampa.

Tukio la pili lilikuja mwaka wa 1966, na hapo hapakuwa hata na mwizi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Wasimamizi wawili wa mfumo walikuwa kazini wakati mmoja. Mmoja alikuwa akisahihisha tangazo la siku, yaani maneno ambayo kila mtu anayaona akiingia. Mwingine alikuwa akisahihisha faili ya maneno ya siri. Programu ya kuandikia waliyotumia ilikuwa na desturi ya kutengeneza kwanza rasimu, na rasimu hiyo ilikuwa na jina lile lile kila mara. Kwa kuwa wote wawili walifanya kazi ndani ya sanduku moja la wasimamizi, rasimu zao zilibadilishana. Mwishowe orodha ya maneno yote ya siri ikawekwa mahali pa tangazo. Kila aliyeingia katika mfumo aliona siri za wenzake zinachapishwa mbele yake, mstari kwa mstari.

Mtumiaji mmoja aliyeelewa hatari hiyo alilazimisha mashine isimame. Wasimamizi wakabaki kazini jioni hiyo kubadilisha maneno ya siri ya watu wote.

Sababu ya kosa hilo ndiyo inayotuhusu zaidi. Hapo mwanzo, kanuni ilikuwa kwamba sanduku moja linafunguliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Programu ya kuandikia ilijengwa juu ya kanuni hiyo. Baadaye kazi ikaongezeka, wasimamizi wakaruhusiwa kuingia pamoja katika sanduku lao. Kanuni ikabadilika, lakini chombo hakikubadilika. Chombo cha mtu mmoja kikatumiwa na watu wawili, na wakati hakuna anayetazama, siri ikatoka yenyewe.

Muhogo uliosagwa

Kosa la kuandika siri wazi lilitafutiwa dawa katika mfumo mwingine, Unix, ulioanza mwaka wa 1969 katika maabara za Bell, kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Dawa yenyewe inaeleweka na kila mtu aliyewahi kusimama kwenye mashine ya kusaga. Ukisaga muhogo unapata unga, lakini huwezi kuchukua unga ukaurudisha kuwa muhogo. Unix haikuweka neno lako la siri; iliweka unga wake. Ukija kesho na kuandika neno lako, mashine inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Vikifanana, unaingia.

Wazo hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na udhaifu wake. Faili yenye unga wa watu wote iliachwa isomwe na kila mtumiaji wa mashine, kwa kuwa ndani yake kulikuwa pia na habari nyingine ambazo programu nyingi zilihitaji. Waliwaza kwamba unga hauna madhara. Lakini mtu mwenye nia mbaya alichukua faili hiyo, akakaa nayo pembeni, akasaga maneno mengi ya kubahatisha, moja baada ya lingine: majina ya watu, maneno ya kamusi, namba. Kila unga uliofanana na ule wa faili ulimpa mlango uliofunguka.

Mwaka wa 1979, Robert Morris na Ken Thompson walitoa maandishi juu ya jambo hilo. Walikuwa wamekusanya maneno ya siri 3,289. Kati yake, 15 yalikuwa na herufi moja tu, 72 yalikuwa na mbili, na 464 yalikuwa na tatu. Wakiongeza yale mafupi mengine na yale yanayopatikana katika kamusi na orodha za majina, walipata 2,831, yaani asilimia 86 ya yote. Mtu asituambie basi kwamba uzembe wa maneno ya siri ni ugonjwa wa Waafrika ao wa watu wasiosoma. Katika inchi yenye mashine bora duniani, watumiaji walifunga milango yao kwa uzi.

Waandishi hao hawakubaki kulaumu watumiaji. Waliongeza kitu ambacho wataalamu wanakiita chumvi: kabla ya kusaga, mfumo unatia kiasi kidogo cha herufi za bahati nasibu, moja kati ya namna 4,096, ili watu wawili wenye neno moja wasipate unga mmoja. Tena walifanya kusaga kuwe polepole kwa kusudi, ili anayebahatisha achoke. Lakini faili yenyewe iliendelea kusomwa na wote kwa miaka mingine karibu 10. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo mifumo ya Unix ilipoanza kuhamisha unga huo na kuuweka mahali ambapo msimamizi peke yake anafika.

Mtoto wa mtaalamu

Kuchelewa huko kulilipwa. Tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka wa 1988, programu ndogo iliachiliwa katika intaneti ya wakati huo, ikaanza kujinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Ilipita katika makosa ya programu ya barua na programu nyingine ndogo, na ilipita pia kwa kubahatisha maneno ya siri: ilisoma faili iliyo wazi, ikajaribu majina ya wenye konti, orodha yake ya maneno 432, kisha kamusi ya mashine yenyewe. Ikishapata neno la mtu mmoja, ilijaribu kuingia kwa jina lake katika mashine nyingine. Hesabu iliyotajwa sana ni kwamba mashine karibu 6,000 ziliguswa, wakati intaneti nzima ilikuwa na mashine karibu 60,000. Vyuo vikuu na maabara vilikata nyaya zao ili kujiokoa.

Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Cornell, Robert Tappan Morris, mwana wa yule Robert Morris aliyeandika mwaka wa 1979. Mahakama ilimhukumu mwaka wa 1990: miaka 3 ya kuangaliwa nje ya gereza, saa 400 za kazi ya jamii na faini ya dola 10,050. Miaka 9 baada ya baba kuonya kwa maandishi, mtoto alionyesha kwa vitendo kwamba onyo halikufwatwa. Ujuzi ulikuwapo, tena bila malipo. Kilichokosekana ni watu wa kuutumia katika kila biro.

Sasa turudi nyumbani

Kuna sababu ya kuwaeleza wasomaji wa mashariki mwa Congo juu ya mashine za zamani hivyo. Leo katika inchi tajiri mfanyakazi ana ordinateri yake, simu yake, konti yake. Sisi, kwa sababu ya umaskini, bado tunaishi maisha ya CTSS: mashine moja, watu wengi. Tofauti ni kwamba wao walijua wanashirikiana, wakajenga masanduku na funguo. Sisi tumechukua mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya mtu mmoja, tukaweka watu kumi juu yake, bila sanduku, bila ufunguo. Ni kosa lile lile la 1966, isipokuwa kwetu linafanyika kila siku.

Tena mashine nyingi zinafika hapa zikiwa zimechoka kutoka Ulaya. Zina mifumo ya zamani ambayo haitengenezwi tena. Windows 7, kwa mfano, iliacha kupata marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tangu tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka wa 2020. Kasoro yoyote iliyogunduliwa baada ya hapo inabaki wazi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika biro yenye konti moja, kata ni kumi. Siku orodha ya wagonjwa itakapoonekana kwenye WhatsApp ya mtaa, nani atajulikana kuwa ndiye aliyeitoa? Mashine itasema tu: konti ya biro. Na hapo asiye na hatia atashukiwa pamoja na mwenye hatia. Konti moja ya wote inamwumiza kwanza mfanyakazi mwaminifu, kwa kuwa inamnyima njia ya kujitetea.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: umeme wenyewe unakuja saa chache, watu wanakimbia vita, wewe unatuzungumzia neno la siri? Ndiyo, nazungumza, kwa sababu kumfungulia kila mfanyakazi konti yake hakudai umeme zaidi wala dola. Mifumo yote ya leo ina uwezo huo ndani yake. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua. Na ni kwa sababu watu wanakimbia vita ndipo majina yao yanapaswa kufungiwa. Katika mji wenye amani, orodha iliyovuja ni aibu. Hapa inaweza kuwa mazishi.

Jibu la pili lina uzito zaidi: sekretari akiugua ao akikwama njiani, kazi itasimama ikiwa yeye peke yake ana ufunguo. Ni kweli, na ni hofu ya haki katika miji ambamo barabara inaweza kufungwa asubuhi bila taarifa. Lakini dawa yake si kumpa kila mtu kila kitu. Faili za kazi za pamoja ziwekwe katika sanduku la pamoja, ambalo wanaohusika wanalifungua kila mmoja kwa konti yake. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, liwekwe katika kabati la mkubwa wa shirika, na bahasha ikifunguliwa neno libadilishwe. Mabanki yanafanya hivyo kwa funguo za chuma. Tunaweza kufanya hivyo kwa funguo za herufi.

Tunachoomba

Kwa hiyo naomba mambo manne kwa kila hospitali, shule, koperativa, parokia, kanisa na shirika la msaada linaloandika majina yetu.

Kwanza, kila mtu awe na konti yake, hata kama mashine ni moja, na kijana anayekuja Jumamosi awe na ya kwake isiyofungua chochote cha kazi.

Pili, pasiwe na orodha ya maneno ya siri iliyoandikwa wazi, si ukutani, si katika faili, si kwenye flashi inayozunguka kutoka mfuko hadi mfuko. Na neno lenyewe liwe refu. Maneno manne matano yasiyohusiana, ya Kiswahili, Mashi, Kinande ao Kilega, yanashikwa kichwani kwa urahisi na yanamchosha anayebahatisha kuliko jina la shirika na mwaka.

Tatu, kila mtu aone yale tu ambayo kazi yake inadai. Mlinzi wa stoku hana haja ya kusoma habari za wagonjwa.

Nne, siri ikivuja, isemwe. Wale wa MIT hawakwenda nyumbani Ijumaa ile. Walibaki wakabadilisha funguo za watu wote. Kwetu desturi ni kunyamaza ili shirika lisipoteze heshima mbele ya wafadhili. Lakini mkimbizi ambaye jina lake limetoka ana haki ya kujua kabla ya wengine kujua, ili aamue kama atalala pale usiku huo ao hapana.

Serikali nayo isijifiche. Tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali, ile inayoitwa code du numérique, na ndani yake kuna ulinzi wa habari za watu binafsi. Ni hatua nzuri. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa kwa Kifaransa haimsaidii mama aliye katika kambi ikiwa mtu anayeandika jina lake hajawahi kuisikia. Ifundishwe kwa lugha ambazo watu wanasema, katika majimbo, na wafadhili wanaogharamia ordinateri waulize pia nani anaifungua na kwa ufunguo gani.

Corbató alikufa mwaka wa 2019. Katika uzee wake alikiri kwamba maneno ya siri yamekuwa mzigo mkubwa kwa watu. Hakukosea, kila mmoja wetu ana mengi mno ya kushika. Lakini mpaka kitu bora zaidi kifike katika biro zetu, mzigo huo ni mwepesi kuliko ule wa kumweleza jirani kwa nini jina lake lilijulikana. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi kuanza, ile karatasi iliyo pembeni ya ekrani itolewe ukutani, na kila mfanyakazi afunguliwe konti yake.